Ningejua Unaona Hadi Huko

Alishika simu yangu kwa mkono wa kushoto, akaikuza picha kwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Nikabana pumzi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu swali la pua, kwa sababu hilo ndilo ambalo kila mtu huuliza akipigwa picha na lenzi pana sana. "Mbona pua yangu imekuwa hivi?" Jibu nilikuwa nalo tayari, la kitaalamu kabisa.

Vidole havikusimama kwenye uso. Vilipita sikio, vikapita bega, vikapita kichwa cha cherehani, vikashuka hadi pembe ya chini upande wa kushoto, mahali ambapo mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kutazama. Akaisogeza simu karibu na miwani.

"Hii si daftari yangu?"

Lilikuwa daftari lake. Limefunguliwa juu ya stuli, kalamu katikati. Na linasomeka: majina matano, walichoshonewa, na pesa zilizobaki. Sweta mbili, sketi moja, 700.

"Ningejua unaona hadi huko," akasema, "ningelifunga."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Picha ilikuwa na siku mbili kwenye ukurasa wa biashara ambao binti yake alikuwa amemfungulia. Yeye mwenyewe hakuwa ameiona, simu yake ni mulika mwizi, ya kupiga na kupokea tu. Binti aliifuta jioni hiyo hiyo, lakini mmoja wa wale watano alikuwa ameshaiona, na kesho yake akapiga simu kuuliza tangu lini deni la mtu likawa tangazo.

Hiyo ilikuwa wiki ya pili ya Julai. Ninaandika sasa kwa sababu nimechoka kuibeba.

## Futi sita kwa nane

Nitamwita Fundi, kama kila mtu anavyomwita pale Soko la Uhuru, Nairobi. Ukikulia Eastlands, uwezekano ni mkubwa kwamba sare yako ya kwanza ilitoka soko hilo. Yangu ilitoka kwake: kaptula ya kijivu iliyoshonwa kubwa makusudi ili nikae nayo miaka miwili, nikakaa nayo mitatu. Kwa hiyo binti yake aliponiuliza kama ningempigia mama yake picha za ukurasa, sikutaja bei.

Shida ilikuwa nafasi. Kibanda chake ni kama futi sita kwa nane, na ndani yake kuna Singer nyeusi ya kukanyaga, meza ya kukatia, marobota ya kitambaa, na sare zinazoning'inia hadi zinagusa kichwa. Mimi ni mtu wa lenzi ya milimita 85, lenzi finyu ya kupigia nyuso. Ndiyo iliyonilipia kodi miaka sita: ruracio (sherehe za mahari), mahafali, picha za kuombea kazi. Lakini 85 inataka uwanja. Mtu wa kimo cha kawaida ukitaka aingie mzima, kuanzia utosi hadi viatu, lazima urudi nyuma mita nne hivi. Mita nne kutoka kwa Fundi ningekuwa nimesimama katikati ya nyanya za mtu.

Nikakodisha lenzi pana ya milimita 16 mjini kwa siku chache.

Na niseme ukweli, si nafasi peke yake. Nilikuwa nimechoka na picha zangu. Miaka sita ya nyuso zilizo wazi mbele ya ukungu laini, ukungu ambao ungeweza kuwa msitu wa Karura au ukuta wa maegesho, hakuna ajuaye. Nilitaka picha ambayo ukiiona unajua mtu yuko wapi na anafanya nini. Nilitaka mistari ya mabati inayokimbilia nyuma, mkono unaotoka kwenye picha kuja kukusalimia, dari inayoinama kama inasikiliza. Lenzi pana inakupa hayo yote bure.

Nikiikumbuka ile asubuhi, hilo neno bure ndilo linaloniuma.

## Habari ya pua

Kabla ya kwenda nilikesha usiku mbili nikijifunza namna ya kutoharibu uso wa mtu. Matokeo nayaeleza haraka, kwa sababu ulikuwa wasiwasi usiokuwa na mwenyewe.

Watu husema lenzi pana inavimbisha pua. Haivimbishi. Kinachovimbisha ni ukaribu. Ukimkaribia mtu hadi pua yake iwe sentimita 40 kutoka kwenye kamera, masikio yatakuwa kama sentimita 52, na pua inatoka kubwa kwa asilimia 30 ikilinganishwa na masikio. Rudi hadi mita mbili na nusu, tofauti inashuka chini ya asilimia 5. Lenzi haikufanya lolote, ila imekuruhusu kusogea pale ambapo adabu ingekuzuia.

Sikuamini hadi nilipojaribu. Nilimsimamisha ndugu yangu kwenye ushoroba wa ploti tunamoishi, mita tatu, nikampiga kwa 85, kisha kwa 16 bila kuhamisha mguu. Ile ya 16 nikaikata hadi ubaki uso tu, kipande kisichofika asilimia 4 ya picha nzima. Chembechembe zilikuwa nyingi kama uji wa wimbi, lakini uso ulikuwa uleule. Pua ileile. Ndugu yangu akaniuliza kama nimemaliza, ugali unapoa.

Kuna jambo la pili, la kingo, na hilo kweli ni la lenzi. Hizi lenzi zimeundwa ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka, na gharama ya hilo inalipwa na vitu vya mviringo. Mlango ukingoni unasimama wima kama askari, lakini kichwa cha mtu mahali palepale kinakuwa papai. Ni shida ileile ya ramani: ukitandaza dunia juu ya karatasi, Greenland inakua hadi inataka kushindana na Afrika. Zipo programu za kukirudisha kichwa, ila zikikirudisha kichwa zinapinda mlango. Chagua.

Basi nikaenda na kanuni zangu: uso karibu na katikati, kamera usawa wa kifua chake na bila kuiinamisha, sentimita 80 na si chini ya hapo. Nilizifuata zote. Uso wake ulitoka vizuri, kwa kweli ulitoka vizuri sana. Mwanga wa Julai, ule wa mawingu mazito ambao Nairobi tunaulalamikia kwa sababu ya baridi, uliingia mlangoni ukamlainisha shavu kama kwamba nimekodisha na taa pia.

Sikuwa nimekesha hata dakika moja kwa ajili ya pembe ya chini kushoto.

## Lenzi isiyofumba macho

Hesabu nyingine, ambayo ningepaswa kuifanya kwanza. Simama mita moja kutoka kwa mtu. 85 inaona upana wa sentimita 42 hivi, yaani uso na mabega. 16, ukiwa umesimama palepale, inaona mita 2 na robo.

Mita 2 na robo ndani ya kibanda cha futi sita kwa nane. Hicho si kipande cha kibanda. Hicho ni kibanda.

Na inaona vyote waziwazi. Nilikuwa nimebana tundu la lenzi hadi f/8, nimelenga sentimita 80, na kwa lenzi ya 16 hiyo inamaanisha kila kitu kuanzia karibu nusu mita hadi mita tatu kinakatika kama kwa wembe. Ndoo ya bluu. Sufuria ya githeri iliyofunikwa kwa sahani. Malapa yake, moja limegeuka juu chini. Daftari lililokuwa karibu na kamera kuliko yeye mwenyewe, kwa hiyo likawa kubwa, na kwa kuwa lilikuwa pembeni likarefushwa pia. Hata mwandiko ulirefuka. Lenzi ilimsaidia msomaji.

85 ina adabu moja ambayo sikuwahi kuishukuru: inajua kufumbia macho. Inamtazama mtu usoni na mengine inayaacha yapotelee kwenye ukungu, kama mgeni aliyelelewa vizuri anayeona nguo za ndani zimeanikwa sebuleni akaendelea kunywa chai. Nilikuwa nimeuita ukungu ule uvivu. Huenda miaka yote ile ulikuwa ukiwafichia watu siri bila mimi kujua.

Nilikumbuka habari ya Bill Brandt, mpiga picha Mwingereza aliyezaliwa Hamburg mwaka 1904. Miaka ya 1940 alipata Kodak ya zamani ya mbao yenye lenzi pana sana, akaitumia kupiga miili ya watu kwa namna ambayo haikuwa imeonekana: magoti makubwa kama vilima, mikono mirefu kama barabara. Kila anayependa lenzi pana humtaja. Kinachotajwa kidogo ni kwamba kamera za aina hiyo zilitumiwa na polisi, kupigia picha mahali palipotokea uhalifu. Zilitengenezwa hivyo ili chumba kizima kiingie, asije mtu akasema baadaye kwamba kisu hakikuwepo.

Nilikuwa nimeingia kwa Fundi na kifaa cha namna hiyo, nikamwambia atabasamu.

## "Si ukate tu?"

Hilo ndilo alilosema binti yake, na ndilo ambalo rafiki zangu wote wa kamera wamesema. Kata ile pembe. Au paka ukungu kwenye daftari. Kazi ya sekunde kumi.

Nilikata. Ikawa picha ya kawaida ya mama na cherehani, ambayo ningeipiga kwa lenzi yoyote. Nikarudisha nikapaka ukungu, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa jicho linakimbilia pale penye ukungu kutaka kujua kimefichwa nini.

Halafu nikaona jambo ambalo silipendi hata kuliandika. Lile daftari ndilo lililokuwa likiishikilia picha. Ukurasa mweupe ulianzia pembeni, ukingo wake ukaelekea kwenye gurudumu la Singer, gurudumu likaupeleka mkono wake, mkono ukakupeleka usoni. Mimi sikuliona nilipobonyeza, lakini nadhani jicho langu liliona. Picha yangu bora ya mwaka huu ilikuwa bora kwa sababu ya kitu ambacho mwenyewe hakunipa.

Kisha nilifanya jambo ambalo sikushauri ulifanye usiku. Nilifungua picha zote nilizopiga na lenzi pana, za kwangu na za majaribio, nikatazama kingo tu. Nyuso sikuzigusa. Mtoto aliyelala na mdomo wazi kwenye kiti cha nyuma cha matatu, wakati mimi nilikuwa nampiga kondakta. Mwanamume Kamukunji anayehesabu noti nyuma ya fundi wa mabati, ameinamia ukuta asionekane, naye anaonekana hadi noti ya mwisho. Kivuli changu mwenyewe, mara tisa. Wote hao walikuwa ndani ya picha na hakuna aliyejua, isipokuwa kivuli.

Najua tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na kuna watakaoniandikia kuhusu hiyo. Si sheria iliyoninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni kwamba nilimwomba Fundi ruhusa, akanipa, kwa moyo mweupe, na bado nilichukua zaidi ya alichonipa. Yeye alijiandaa. Alibadilisha blauzi, akafagia nyuzi nyuma ya kiti chake, akakunja kitambaa kilichokuwa mgongoni mwake. Alipanga pale alipodhani kamera inaelekea. Mtu yeyote angefanya hivyo. Ukinyooshewa kidole unajua kinaelekea wapi, kwa nini kamera iwe tofauti?

Vijana wa mtaani kwetu hawana shida hii. Wao hupigana picha na ile 0.5, lenzi pana ya simu, kila siku, kamera juu, vichwa vikubwa, viatu vidogo kama vya mwanasesere, wakicheka. Lakini wao wanaiona fremu wakati wanajipanga. Wakiona ndoo, wanaisukuma kwa mguu. Wanajua mwisho wa picha uko wapi.

Fundi hakujua. Nilijua mimi peke yangu, na hata mimi sikutazama.

## Chaki

Nilirudi baada ya wiki tatu. Nilipiga simu kwanza, nikasema nataka kupiga upya kama ataridhia, na kama hataki nije tu nimsalimie. Akanyamaza kidogo. "Njoo, baba. Lakini safari hii nionyeshe."

Nilikuja na stendi. Niliifunga kamera pale nilipokuwa nimesimama mara ya kwanza, nikawasha kioo cha nyuma, nikampisha aje atazame. Akavaa miwani. Alikaa kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Kumbe hivi ndivyo kulivyo kwangu," akasema.

Kisha akatoa chaki ya kushonea mfukoni mwa aproni, ile bapa ya bluu, akampa binti yake. "Tembea na ukuta. Nikisema hapo, weka alama."

Binti alitembea na mkono ukutani, mama ametazama kioo.

"Bado. Bado. Hapo! Rudi kidogo. Hapo."

Mstari wa kwanza ulikuwa kwenye ubao wa upande wa kushoto, nyuma kabisa ya stuli ya daftari. Wakashuka sakafuni, wakachora mstari juu ya saruji unaopita chini ya meza ya kukatia. Wakahamia kulia. Binti akatembea, akatembea, akafika mlangoni, mama bado anasema bado. Akatoka nje. Mkono wake ulipoacha kuonekana, alikuwa ameshaingia nusu kwa jirani, mzee anayeuza vifungo na zipu.

"Huyu naye yumo?" Fundi akaniuliza.

Alikuwemo. Bega moja na nusu ya kofia. Nikaenda kwenye picha ya zamani, na hapo pia alikuwepo, bega lilelile, sikuwahi kumwona.

Fundi akatoka akamweleza. Mzee akaja akatazama kioo, akatikisa kichwa. "Hapana. Ama niingie mzima ama mnitoe. Nusu mtu ndiyo nini?"

Tukamtoa. Ilibidi nisogeze stendi kushoto kama kiganja kimoja, na chaki ikafutwa ikachorwa upya pande zote. Tulitumia karibu saa nzima kwa kazi hiyo, na wateja wawili walisubiri wakitoa maoni. Sijawahi kukaa kwenye kazi ambayo mpigwa picha anaijua fremu kuliko mimi. Ilinitoa jasho kidogo, niseme kweli. Nilizoea kuwa mtu pekee mwenye siri hiyo.

Alipojua mipaka, alianza kupanga. Githeri ilitoka. Malapa yalitoka. Ndoo nilidhani itatoka, akaiacha. "Maji si aibu." Daftari alilifunga, akaweka kalamu juu yake, akaliacha palepale kwenye stuli. Nilimtazama kuona kama ni mzaha.

"Si ulisema linapendeza hapo?"

Sikuwa nimemwambia. Nadhani binti yake alimwambia.

Kisha akapanda kwenye kiti, akashusha sweta moja ya kijani ya mtoto mdogo kutoka juu kabisa, akaipangusa vumbi, akaitundika kwenye msumari ndani kidogo ya mstari wa chaki, upande wa kulia, ambako mwanga ulifika vizuri. Ilimalizwa Januari. Mwenyewe alitoa nusu ya pesa, hakurudi.

"Mama, lakini tulisema..."

"Hapo nimeandika jina la mtu?"

Hakuwa ameandika.

"Basi piga."

Nilipiga kumi na nne. Ile tuliyochagua si nzuri kama ya kwanza. Nimejilazimisha kuzitazama pamoja mara nyingi, na ya kwanza bado ina kitu ambacho hii haina, ule mlango wa pembeni unaokuvuta ndani bila kubisha. Hii ya pili imetulia zaidi. Yeye anakutazama kama mtu anayejua umesimama wapi na unaona nini. Bado sijajua ni ipi ningeiweka ukutani kwangu. Ya kwanza siwezi kuiweka popote, kwa hiyo swali lenyewe halina maana sana, lakini huniijia.

Lenzi niliirudisha dukani jioni hiyo. Wiki iliyofuata nikaikodisha tena.

Jumamosi iliyopita nilipitia sokoni kuchukua suruali. Chaki ya sakafuni imefifia, lakini mstari bado unaonekana, na yule mzee wa vifungo alipokuja kuomba chenji aliinua mguu akauvuka kama kizingiti. Kwenye msumari hapakuwa na sweta.

"Alikuja?" nikauliza.

"Alikuja. Akalipa yote."

Akakanyaga cherehani kidogo, akasimama, akakata uzi kwa meno.

"Lakini mtoto ameshapita hiyo saizi. Ameniachia nimtafutie mwingine."